Kiambishi Kinachomezwa: Ukanushi, Mizani na Uhakiki wa Nyimbo Zinazorekodiwa Nyumbani

1.0 Utangulizi

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake inaswe katika santuri. Miongo kadhaa baadaye bendi za dansi za Tanzania zilikuwa na safari fupi zaidi, lakini mlango ulikuwa karibu mmoja tu, yaani studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Humo mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa, na fundi mitambo ndiye aliyeamua kama sauti ya mwimbaji imetoka sawasawa. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 iliruhusu redio binafsi, na katika muongo huohuo studio za watu binafsi zikaongezeka. Kwingineko duniani mashine ya Portastudio 144, iliyotolewa na kampuni ya TEAC mwaka 1979, ilikuwa imekwisha kumwezesha mtu kurekodi njia nne za sauti katika kaseti ya kawaida. Albamu ya Nebraska ya Bruce Springsteen, iliyotoka 1982, ilitokana na kaseti ya aina hiyo iliyorekodiwa nyumbani kwake. Kompyuta na baadaye simu zilikamilisha mageuzi hayo. Leo kijana wa Temeke au wa Kisauni anaweza kutunga, kuimba, kunasa na kuchanganya sauti bila kutoka chumbani mwake.

Alichopoteza kijana huyo ni sikio la mtu wa pili. Kazi iliyofanywa na fundi mitambo na wapitiaji wa mashairi sasa hufanywa na marafiki: wanamuziki wenzake wa ridhaa, ambao hupewa wimbo wausikilize kisha waseme kilichopungua. Uhakiki huu mdogo, usioandikwa wala kufundishwa, ndio unaoamua umbo la mwisho la nyimbo nyingi za Kiswahili kabla hazijafika kwa hadhira. Wahakiki wa fasihi simulizi wamezitazama zaidi nyimbo zilizokwisha kukamilika, na hatua hii ya katikati wameipa nafasi ndogo.

Makala haya yanadai kwamba maoni ya wanamuziki wa ridhaa huishughulikia sauti ya mwimbaji kama ala mojawapo ya muziki, na kusahau kwamba sauti hiyo ni lugha. Kwa Kiswahili usahaulifu huo una gharama ya pekee, kwa kuwa mofolojia ya lugha hii huweka ukanushi mahali ambapo mashine za kusafishia sauti hupafuta kwa urahisi.

2.0 Lugha ya maoni yenyewe

Maoni ya kwanza karibu daima ni pongezi. Wimbo huitwa "mkali", sauti husemwa "imetulia", mtunzi huambiwa "hongera, fundi". Huu ni uungwana, na hauna budi kuheshimiwa. Anayemleta mwenzake kusikiliza kazi ya usiku kucha hastahili kupokewa kwa kukunjiwa uso. Hata hivyo, pongezi ikisimama peke yake haina habari yoyote. Mtunzi huondoka akiwa na furaha na kosa lake.

Baada ya pongezi huja maneno ya aina mbili. Aina ya kwanza ni maneno ya sikio. Sauti "imezama" au "imemezwa na biti". Inavuma, inakwaruza, inapasuka. Ni nyembamba, ni ya puani, au inasikika kana kwamba mwimbaji yumo ndani ya pipa. Msamiati huu ni wa Kiswahili kabisa, nao ni tajiri kuliko unavyodhaniwa. "Kuvuma" na "kukwaruza" si kasoro moja: ya kwanza mara nyingi hutokana na umeme wa hezi 50 unaoingia katika nyaya, na ya pili hutokana na kipaza sauti kilichozidiwa au mgusano mbovu wa waya. Msikilizaji asiyejua lolote kuhusu umeme ameitenganisha miwili hiyo kwa kitenzi tu.

Aina ya pili ni maneno ya mtambo: ongeza kompresa, kata masafa ya chini, weka geti, punguza mwangwi. Haya hutoka katika mafunzo ambayo kwa sehemu kubwa yametungwa kwa Kiingereza na kwa nyimbo za Kiingereza. Si kosa kuyatumia, wala kuyatohoa si fedheha. Neno "kompresa" linafanya kazi yake vizuri, na wanaolilia istilahi za vifaa wanautazama upande mdogo wa tatizo. Tatizo ni kwamba maneno ya mtambo hutoa dawa kabla ya ugonjwa kutajwa. Anayesema "kata masafa ya chini" hajasema alisikia nini. Mwenye wimbo hukata, akapoteza kitu ambacho hakuna aliyekilalamikia.

3.0 Herufi moja na ahadi

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo. Tuseme mwimbaji amerekodi kiitikio kinachoanza na kitenzi "hatanisahau". Ameimba usiku katika chumba chenye paa la bati na feni. Mvumo wa feni umeingia katika kipaza sauti, na rafiki anamshauri aweke geti, yaani kifaa kinachofunga njia ya sauti kila nguvu yake inaposhuka chini ya kiwango fulani na kuifungua inapopanda. Ushauri unafuatwa, mvumo unatoweka, kila mtu anafurahi. Lakini msikilizaji wa kwanza aliye nje ya kundi anauliza kwa nini wimbo wa mapenzi unalalamika kwamba mpenzi atamsahau mwimbaji.

Maelezo yake ni ya kifonetiki. Fonimu /h/ ni kikwamizi dhaifu: hewa hupita kooni bila nyuzi za sauti kutetema, nayo huwa na nguvu ndogo mno ikilinganishwa na irabu inayoifuata. Geti hufunguka irabu inapofika. Kilichotangulia kimebaki nje. Hali hiyohiyo hutokea pale mchanganyaji anapofuta pumzi za mwimbaji, kwa mkono au kwa programu, kwa kuwa pumzi na /h/ zina umbo linalokaribiana sana, na mara nyingi pumzi huishia hasa pale /h/ inapoanzia.

Upande wa mofolojia ndio unaogeuza kasoro hiyo kuwa msiba. Kiambishi cha ukanushi ha- kinapokutana na kiambishi cha nafsi ya tatu umoja, a-, irabu mbili huungana na kubaki ha-. Kinapokutana na u- ya nafsi ya pili umoja, hubaki hu-. Kwa hiyo katika wakati ujao, ambapo kiambishi -ta- hutumika katika uyakinishi na ukanushi pia, jozi kama hatarudi na atarudi, au hutaniacha na utaniacha, hutofautishwa na /h/ peke yake. Nyakati nyingine zina kinga. Uliopita hubadilisha -li- kuwa -ku-: alinisahau, hakunisahau. Hali timilifu huwa na -me- na -ja-. Uliopo hubadilisha irabu ya mwisho ya vitenzi vyenye asili ya Kibantu: ananipenda, hanipendi. Nafsi nyingine nazo zina kinga yake. "Hawataniacha" ikipoteza /h/ peke yake huacha umbo lisilokuwamo katika lugha, na sikio hulirekebisha bila shida. Nafsi ya kwanza umoja hutumia si-, ambayo ni nzito zaidi. Hatari imekusanyika katika wakati ujao, nafsi ya pili na ya tatu umoja. Hiyo ndiyo sarufi ya ahadi, na nyimbo za mapenzi zimejengwa kwa ahadi.

Mkazo nao hausaidii. Katika "hatanisahau" mkazo uko katika silabi ya pili kutoka mwisho, silabi nne mbele ya ha-. Mwimbaji huweka nguvu yake pale mkazo ulipo, na mwanzo wa neno hupita kwa wepesi. Katika Kiingereza neno la ukanushi linaweza lenyewe kubeba mkazo. Katika kitenzi kirefu cha Kiswahili kiambishi cha ukanushi hakipati mkazo huo kwa kawaida. Ndiyo maana ushauri uliozaliwa katika nyimbo za Kiingereza hauwezi kuhamishwa mzimamzima.

Watunzi wanazo kinga zao za kale. Neno "kamwe", "katu" au "wala" likifuata, ukanushi hurejea hata kama /h/ imepotea, kwa sababu "atarudi kamwe" haikubaliki sikioni. Ila maneno hayo ndiyo ya kwanza kukatwa mtunzi anapobana mizani.

Itasemwa kwamba baadhi ya wazungumzaji huidondosha /h/ katika usemi wa kawaida, na hivyo lawama si ya mashine. Pingamizi hilo ni la haki, na neno lenyewe lina kipimo cha kulijibu. "Hatanisahau" ina /h/ mbili. Ya pili iko katikati ya irabu, katika silabi yenye mkazo, ambapo geti limekwisha kufunguka. Iwapo /h/ ya pili inasikika na ya kwanza haisikiki, mwanzo wa neno umekatwa baada ya kuimbwa. Iwapo zote mbili hazisikiki, ni matamshi ya mwimbaji, na hakuna kitufe kitakachoyarekebisha. Sharti aimbe upya.

Dawa ya kosa la kwanza ni nyepesi. Geti linaweza kuwekwa lishushe sauti kwa desibeli 6 hadi 10 badala ya kuifunga kabisa, au liachwe na vipande vya kimya vikatwe kwa mkono, huku mwanzo wa kila mshororo ukiachiwa nafasi kidogo. Bora kuliko yote ni kuuzuia mvumo usiingie: kuzima feni, kutundika blanketi nyuma ya mwimbaji, kusogea karibu na kipaza sauti. Mvumo mdogo unaobaki utafunikwa na ala.

4.0 Silabi ya m na swali la mizani

Ikiwa /h/ hupotea bila kugusa mizani, m- silabi hutenda kinyume. Kipande "alimjua zamani" kina mizani 8: a-li-m-ju-a-za-ma-ni. Ikimezwa m, hubaki "alijua zamani", mizani 7, na maana imehama kutoka kumjua mtu hadi kujua jambo. Kipande "hatanisahau yule" nacho kina mizani 8, na kikipoteza /h/ yake ya mwanzo hubaki na 8 zilezile ilhali maana imepinduka. Msikilizaji aliyezoea shairi la vipande vya mizani 8 atagundua kosa la kwanza papo hapo, na la pili litampita. Sikio la mizani hulinda umbo. Halina uwezo wa kulinda kauli.

Hapa ndipo maoni ya wenzake yanapoweza kumdhulumu mtunzi. Rafiki anayesema "mstari huu mizani imepungua" husema kweli kuhusu alichokisikia, na wakati mwingine hukosea kuhusu sababu. Shairi laweza kuwa timamu kwenye karatasi na pungufu kwenye spika. Mtunzi mnyenyekevu ataongeza silabi asiyoihitaji, na mshororo uliokuwa sahihi utaharibika.

M- silabi humezwa kwa njia mbili. Kwanza, huimbwa midomo ikiwa imefumbwa, kwa hiyo sauti yake ni ndogo na waimbaji huifupisha ili waiwahi irabu. Pili, nguvu nyingi za nazali hii hukaa katika masafa ya chini, yapata hezi 250 hadi 300. Mojawapo ya mashauri yanayorudiwa mno na wanamuziki wa ridhaa ni kupunguza masafa ya kati ya hezi 250 na 400 ili kuondoa ile sauti ya ndani ya pipa. Kwa chumba kidogo chenye kuta tupu ushauri huo mara nyingi ni mzuri. Ila ukizidishwa hupunguza m pamoja na pipa, na spika ndogo ya simu, ambayo haitoi vizuri masafa hayo, humalizia kazi.

Kinachobaki kuiokoa ni muda. Sikio hutambua m- silabi kwa kiasi kikubwa kutokana na urefu wake, na muda haufutwi kwa kupunguza masafa. Ndiyo sababu mbuni wa ndege, mwenye silabi mbili, na mbuni wa kubuni, mwenye silabi tatu, hutofautishwa hata katika simu yenye sauti mbovu. Mwimbaji anayeipa m pigo lake kamili anaweza kuvumilia uchanganyaji mkali kiasi. Aliyeiruka hatasaidiwa na kompyuta yoyote.

Jozi kama samani na thamani, au zana na dhana, zinaweza kutajwa kwa kupita. Kifaa cha kupunguza makali ya /s/ kikizidishwa huisogeza /s/ karibu na /th/, na tofauti iliyopatikana kwa jasho katika madarasa ya matamshi hupotea kwa kubonyeza mara moja. Hata hivyo, muktadha huliokoa neno mara nyingi.

5.0 Mwangwi na kompresa

Kila neno la asili la Kiswahili huishia kwa irabu, na silabi ya pili kutoka mwisho hubeba mkazo. Maana yake ni kwamba sehemu yenye nguvu ya neno iko karibu na ukingo wake, na mara baada ya ukingo huo huja viambishi vya neno linalofuata, vilivyo vyepesi. Mwangwi mrefu humwagika hasa pale. Mwimbaji anayeimba silabi 5 kwa sekunde huipa kila silabi milisekunde 200. Mwangwi wenye mkia wa sekunde 2, ingawa hufifia kadiri unavyokwenda, huwa bado haujaisha silabi 10 baadaye. Katika wimbo wa pole wenye nafasi baina ya mishororo hilo si baya. Katika singeli, ambayo kasi yake hufika kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, mwangwi wa namna hiyo hugeuza maneno kuwa uji.

Taarabu inatoa fundisho hapa bila kukusudia. Kwa desturi ala hujibu baada ya mwimbaji kumaliza sehemu yake, fidla na kodiani zikijaza pengo, kisha hupisha. Mwanzo wa mshororo hukuta njia iko wazi. Mchanganyaji wa nyumbani anaweza kuiga adabu hiyo: mwangwi upandishwe mwishoni mwa mshororo, kwenye kina kinachotakiwa kuning'inia, na ushushwe kabla kiambishi cha kwanza hakijaingia.

Kompresa ina sura mbili. Kazi yake ni kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, kwa hiyo ikitumiwa kwa kiasi huinua viambishi na kuvisogeza karibu na silabi za mkazo. Hiyo ni neema kwa Kiswahili. Lakini kifaa hiki hakiachii papo hapo. Kikikandamiza silabi nzito kisha kikachukua milisekunde 300 kuachia, katika kasi iliyotajwa kinakuwa kimeikandamiza pia silabi nzima inayofuata na nusu ya ile ya pili. Wanamuziki wengi hurekebisha kiwango cha kukandamiza na kuuacha muda wa kuachia kama ulivyowekwa na programu. Kwa lugha ambayo maneno yake huanza kwa wepesi, muda huo ndio wa kutazamwa kwanza.

6.0 Imla kama kipimo

Kuna sababu ya msingi inayofanya makosa haya yasionekane na waliomo ndani ya kazi. Mwaka 1970 Richard Warren alionyesha kwamba sauti moja ikiondolewa katika sentensi na kikohozi kikawekwa mahali pake, wasikilizaji huamini wameisikia sauti ile. Akili hujaza pengo kwa inachokitarajia. Mtunzi anatarajia neno lake kuliko mtu yeyote. Ameliandika, ameliimba mara arobaini, na /h/ anaisikia hata isipokuwapo. Rafiki aliyekaa naye akiandika ameharibika sikio vilevile.

Kwa hiyo swali la kawaida, "unauonaje wimbo?", humwalika msikilizaji kupongeza au kuagiza vifaa. Shule za Kiswahili zinalo zoezi linalofaa zaidi: imla. Msikilizaji asiyeyajua mashairi apewe wimbo na karatasi, aandike anachokisikia, mara moja tu, bila kurudisha nyuma. Mahali alipoandika neno jingine, au alipoacha pengo, ndipo pa kuanzia. Imla haimlazimishi mtu kumkosoa mwenzake usoni. Kosa linajitokeza lenyewe katika mwandiko, na uungwana haujavunjwa. Kijana anaweza kumpa karatasi hiyo hata shangazi yake asiyeujua muziki, na jibu la shangazi litakuwa na thamani kuliko la fundi anayelijua kila neno.

Inafaa waandikaji wawe zaidi ya mmoja na watoke katika mazingira tofauti ya usemi, kwa sababu aliyezoea kuidondosha /h/ huirejesha kwa mazoea, na asiyezoea huandika alichokisikia. Inafaa pia wimbo usikilizwe kwa spika ya simu na si kwa hedifoni peke yake, kwa kuwa hedifoni hufichua mengi ambayo wasikilizaji wengi hawatayapata.

Baada ya imla ndipo maneno ya mtambo hupata mahali pake. Maoni yanayomfaa mwenye wimbo hutaja wakati, neno lililosikika na dalili iliyo karibu nalo, kwa mfano: "Dakika 1 na sekunde 12 nimeandika 'atanisahau'. H ya katikati naisikia, ya mwanzo siisikii." Anayepokea sentensi hizo mbili hahitaji kuambiwa ageuze kitufe gani. Ataifungua njia ya sauti yake peke yake, bila ala, ataliondoa geti na kusikiliza. /h/ ikirejea, kazi iliyobaki ni ya dakika chache. Isiporejea, atazima feni na kuimba upya mshororo huo mmoja.